Chumvi ya Leander

Mtoto alicheka kabla ya kufikishwa kwa bibi yake, na aliyemchekesha ni Wilford Etsitty, bahili kuliko watu wote waliowahi kufanya kazi ya reli kutoka Barstow hadi Winslow.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza, sasa kucheka kwa mtoto kuna shida gani? Shida ipo. Kwa Wanavaho, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, aliyemchekesha mtoto kwa mara ya kwanza ndiye mwenye shughuli. Achinje, apike, awaite ndugu wote, kisha amshike mtoto mkono na kumsaidia kumgawia kila mgeni chembe ya chumvi, ili mtoto aanze maisha kwa kutoa. Na tabia ya aliyemchekesha humwingia mtoto, ndiyo maana watu huwa waangalifu. Chumvi isipogawiwa, au akiigawa asiyehusika, mtoto hukua na mkono wa birika.

Hakuna aliyemchagua Wilford. Hata mbwa wake hakumchagua. Alihamia kwa jirani.

Safari ilianza Barstow, California, Jumatatu asubuhi, wiki ya pili ya mwezi wa nne, mwaka 1986. Wilford alikuwa na miaka sitini na miwili, na reli ilikuwa imempa mkono wa kwaheri baada ya miaka thelathini na minne ya kubeba mataruma ya reli juani. Alikuwa anarudi kwao Chilchinbito, Arizona, chini ya Mlima Mweusi, kumalizia nyumba. Kuta zilikwishasimama. Kilichobaki ni mabati, na hela ya mabati ilikuwa kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, na mfuko umefungwa kwa pini mbili.

Mpwa wake Lorinda, binti wa marehemu dada yake, alikuwa na mtoto wa miezi mitatu na nusu, Leander. Mumewe alikuwa na zamu kwenye karakana ya reli hadi Ijumaa. Wiki moja kabla, Bibi Glenibah, mama yake Wilford, mwenye miaka themanini na minne, aliomba apelekwe dukani kwa pikapu ili apige simu Barstow. Simu hakuipenda. Aliongea nayo kama mtu anayemfokea kiziwi.

"Lorinda! Kashacheka?"

"Bado, Bibi. Anatabasamu tu."

"Kutabasamu si kitu. Mlete. Kondoo wawili nimeshawatenga, wananenepa. Vitukuu wangu wote nimewachekesha mimi, wote wanane. Huyu wa tisa asije akachekeshwa na mtu wa barabarani huko. Unasikia? Wa kumi sijui kama nitamwona."

"Nimesikia, Bibi."

"Basi kata. Simu ya watu hii."

Wilford alikubali kuwachukua kwa sharti kwamba Lorinda alipe nusu ya mafuta. Mtu wa nne garini alikuwa Verna Manygoats, mtoto wa shangazi yake Wilford, mjane mwenye mdomo. Binamu wa namna hiyo ni mtani. Anaweza kukwambia lolote na huna pa kushtaki. Verna ndiye aliyeogopwa. Mwanamke huyo akiingia msibani, watu hutoka nje wakajifanye wanakohoa. Kwa hiyo Lorinda alimwapisha kabla hajapanda gari: hakuna kumchezea mtoto, hakuna sauti za wanyama, hakuna kukunja sura.

"Na maneno?" Verna aliuliza.

"Maneno ruksa, mama mdogo. Ila kwa uso mkavu."

Wilford hakuapishwa. Walimtazama, wakatazamana, wakaona hakuna haja.

Gari lilikuwa refu, la rangi ya maziwa yaliyoganda, na halikupenda kuzidi maili arobaini kwa saa. Wilford naye hakupenda. Mwendo wa kasi unakula mafuta. Barabara kuu hakuitaka. Alishika ile njia ya zamani inayokwenda sambamba na reli, ambayo madaraja yake yote aliyajua kwa kuwa mengi aliwahi kulala chini yake. Leander aliwekwa kiti cha nyuma pamoja na Verna, amefungwa kwa kamba za ngozi kwenye ubao wake wa mwerezi wa kubebea mtoto, kifurushi kilichobana vizuri, macho tu ndiyo yanazunguka.

Kilima cha kwanza walikipanda kwa kunung'unika. Walipoanza kuteremka, garini pakawa kimya ghafla.

"Binamu," Verna alisema kwa sauti ya kanisani, "umezima injini?"

"Tunateremka."

"Kuteremka nakuona. Nauliza kama umezima injini."

"Kilima kinatusukuma bure. Nichome mafuta ya nini?"

"Na breki nazo umezizima, au hizo ndizo sadaka yako ya mwaka?"

Lorinda aliuma kitambaa chake cha kichwa asicheke. Wilford aliinyoosha kofia yake. Kofia hiyo ilikuwa mpya, ya majani, na ilimzidi kichwa kwa saizi mbili; aliinunua hivyo kwa sababu saizi yake ilikuwa bei kamili na hii ilikuwa nusu. Ili isimshukie machoni alikuwa ameijaza kuponi za punguzo alizokata magazetini.

"Mseme mnavyotaka," alisema. "Mimi sikupewa chumvi. Si kosa langu."

Hilo lilikuwa jibu lake tangu ujana. Kaka yake mkubwa alimwambia zamani kwamba yeye alichekeshwa na mchuuzi wa mablanketi aliyepita njia, mchuuzi akaenda zake, na shughuli haikufanyika. Kila Wilford alipoombwa soda, kila mchango ulipopita, alimtoa huyo mchuuzi na kumweka mbele.

Karibu na Amboy walisimama kula. Uwanda pale ni mweupe hadi macho yanauma, na malori ya chumvi hupita mchana kutwa. Wilford alimaliza mkate wake, akachukua kopo tupu la kahawa, akaanza kutembea kando ya barabara akiinama na kuinuka.

"Unaokota nini, Mjomba?" Lorinda aliuliza.

"Zawadi ya mama."

"Mawe?"

"Chumvi. Tazama bonge hili, safi kabisa. Dukani wanaiuza hii!"

Verna alitikisa kichwa polepole. "Miaka thelathini na minne California. Mtoto anarudi kwa mama yake na kopo la vitu vilivyodondoka kwenye lori."

"Kopo nalo atalitumia," Wilford akasema, na hakuwa anatania.

Usiku ule walilala Needles kwa mzee Ortega, msimamizi wa zamani wa genge la reli. Wilford alikuwa na rafiki kila stesheni, na safari yote aliipanga hivyo: kila jua likielekea kuzama, wawe wamefika mlangoni kwa mtu, na chakula kiwe jikoni. Ndiyo maana mwendo wa siku moja ulikuwa unachukua siku tatu. Lorinda hakulalamika. Hakuwahi kuiona nchi hii ila kwa dirisha la basi linalokimbia. Sasa aliona milima inabadilika rangi taratibu, asubuhi ya buluu, mchana ya kahawia, na Verna akimtajia kila mlima na nani aliwahi kupoteza farasi pale.

Jumanne walipanda hadi Oatman. Punda wa wachimbaji dhahabu walibaki pale dhahabu ilipokwisha, wakawa wenye mji. Husimama katikati ya barabara wakidai chakula kwa kila gari, na asiyetoa hapiti. Mmoja aliingiza kichwa kizima dirishani kwa Verna, akamnyang'anya mkate mkononi, akautafuna akimtazama usoni, kisha akapiga chafya.

Leander alikodoa macho. Pembe za mdomo zikaanza kupanda.

"Mfunike!" Lorinda alipiga kelele. "Mama mdogo, mfunike!"

Verna alivua kitambaa chake haraka na kumfunika punda.

Basi hapo ikawa kazi. Lorinda alijiinamia magotini, mabega yanamruka. Verna alitazama juu ya paa la gari, machozi yakimtiririka, uso mkavu kama alivyoapa. Punda naye alisimama na kitambaa kichwani kama mke wa mchungaji. Leander aliwatazama wote, akaona hakuna jambo, akapiga miayo.

Wilford peke yake hakutikisika. "Mkate ule," alisema, "ulikuwa bado nusu nzima."

Walivuka Kingman, wakalala Seligman kwa rafiki mwingine, na Jumatano wakaingia Flagstaff, theluji ikiwa bado juu ya vilele. Kutoka pale hadi Cameron ni mteremko mrefu. Wilford alizima injini, akakunja mikono kifuani mara moja moja, na kwa maili nyingi gari liliteleza likipuliziwa na upepo tu, misonobari ikabaki nyuma, nchi nyekundu ikafunguka mbele. Hata Verna alikiri baadaye kwamba ile ilikuwa raha.

Upepo uliwakuta Tuba City. Ni majira yake. Mwezi wa nne mchanga mwekundu husafiri kuliko watu. Wilford aliingiza gari kwenye kituo cha mafuta. Lorinda na Verna waliingia dukani kuomba maji ya moto ya chupa ya mtoto. Leander aliachwa kwenye ubao wake, umeegemezwa kiti cha mbele, mlango wazi upande usio na upepo.

"Mwangalie, Mjomba. Dakika mbili."

"Namwangalia."

Alikuwa anafuta vioo kwa ndoo ya kituo, kwa kuwa maji yale ni ya bure, upepo ulipomvua kofia.

Kofia ilianguka mita tatu mbele. Wilford akaenda kuiokota. Alipoinama, ikaruka mita tatu nyingine. Akaenda tena, akainama, ikaruka. Mara ya tatu aliinyatia kama mtu anayekamata kuku, akajitupa, akakamata mchanga. Na kuponi zikatoka. Zaidi ya mia, za sabuni, za unga, za nyama ya makopo, zikapanda juu na kuanza kumzunguka. Wilford akaacha kofia akafuata kuponi. Akaruka akadaka moja. Moja ikamganda kwenye jicho. Moja akaikanyaga kwa mguu wa kulia, nyingine kwa wa kushoto, akabaki miguu imetanuka hawezi kusogea, na kofia ikarudi yenyewe na upepo, ikampiga kisogoni.

Ndipo aliposikia sauti. Alidhani ni bawaba ya mlango wa gari. Akageuka.

Leander alikuwa anacheka. Si tabasamu, si kikohozi. Mdomo wazi, ufizi wote nje, tumbo linapanda na kushuka chini ya kamba za ngozi, na sauti inatoka kama maji yanayotoka kwenye chupa nyembamba. Alinyamaza, akamtazama Wilford aliyenasa pale katikati ya kuponi, akacheka tena.

Wilford alisahau kila kitu. Alisimama tu na kumsikiliza. Hakukumbuka lini mtu alimfurahia namna hiyo.

Kisha akakumbuka. Akatazama huku na huku. Kulikuwa na mbwa mmoja chini ya lori, amelala. Hakuna mwingine aliyeona.

Alirudi garini, akakaa usukani, akaanza kupiga hesabu. Kondoo wawili, unga, viazi, kahawa, watu sitini au sabini, na kila mmoja aondoke na kitu mkononi. Yale yalikuwa mabati yake. Akinyamaza, Mama atamchekesha mtoto kesho au hata leo, atafurahi, kondoo watachinjwa, nyumba itaezekwa, na yeye Wilford atakula nyama bila kutoa senti. Alitafuta mtu atakayeumia, hakumwona.

Akamtazama Leander, akamwona.

Chumvi atakayoigawa Mama haitakuwa na kazi, kwa sababu si yeye aliyemchekesha. Mtoto atakua na kile alichokichukua Tuba City. Wilford alimwona akiwa na miaka sitini na miwili, kofia imemzidi kichwa, anazima injini kwenye miteremko, hana mke, mbwa amehama, na sababu ya kulala kwa watu ni kwamba wanamlisha.

Lorinda na Verna walipotoka dukani walimkuta anawasubiri na soda tatu baridi.

"Za nani?" Lorinda aliuliza.

"Zetu."

"Umeziokota?"

"Nimenunua."

Verna alipokea yake kwa mikono miwili, akaigeuza kutafuta tundu. "Lorinda," akasema polepole, "mjomba wako anakufa."

Maili mia moja zilizobaki alizipiga moja kwa moja. Walifika kwenye mteremko wa Kayenta, injini bado inawaka. Verna aliinama mbele akamshika paji la uso. Hakuwa na joto. Hapo hata yeye akaacha utani.

Walifika Chilchinbito jua likiwa bado juu kidogo. Bibi Glenibah alikuwa amekaa nje, mlangoni mwa nyumba yake ya magogo, juu ya ngozi ya kondoo, amevaa blauzi ya mahameli na kukunja mikono ya blauzi kama mtu anayetaka kukanda unga. Pajani alikuwa na kengele ya mbuzi. Kondoo wawili walikuwa zizini, wanono hadi wanatembea upande.

Hakungoja salamu ziishe. "Mpeni hapa. Kashacheka?"

"Hajacheka, Bibi!" Lorinda alisema kwa fahari. "Siku tatu tumemlinda."

Bibi alimweka mtoto magotini, akafungua kamba, akasugua viganja vipate joto. Akaiinua kengele. Aliigonga mara moja karibu na sikio lake mwenyewe, akajifanya ameshtuka. Leander akamkazia macho. Bibi akaigonga tena, akashtuka zaidi. Mdomo wa mtoto ukaanza kufunguka.

"Mama, acha," Wilford akasema.

"Nini?"

"Ameshacheka. Leo mchana. Tuba City."

Kengele ikabaki hewani. "Kachekeshwa na nani?"

"Na mimi."

Verna akadakia. "Alikohoa huyo. Vumbi lilikuwa jingi."

"Alicheka."

"Labda mate yalimkwama, Mjomba," Lorinda akasema kwa upole, kama anayemwongelesha mgonjwa.

"Nimesema alicheka! Mara mbili!"

Bibi Glenibah alimtazama mwanawe kutoka miguuni hadi kichwani. "Wilford. Unajua unachosema? Anayechekesha ndiye anayechinja."

"Najua."

"Na unga ni wake."

"Najua."

"Na viazi, na kahawa, na kila mgeni aondoke na kitu mkononi."

"Mama, najua! Nimezaliwa hapa hapa!"

"Hayuko sawa," Verna akasema. "Tangu mchana. Alininunulia soda."

Bibi akaiweka kengele chini. "Kanunua soda?"

"Tatu."

Bibi alifikiri. "Basi mchekeshe tena tuone."

Ikabidi Wilford ajithibitishie gharama mwenyewe. Aliivua kofia, akaiweka chini uani, akasimama kusubiri upepo. Upepo ulikuwa umetulia. Kofia ikakaa pale pale. Wilford akaisukuma kwa mguu. Ikakaa. Akajikunja kuinyatia, na kofia haiendi popote, akaonekana mwendawazimu. Leander alimtazama kama mlinzi wa geti.

"Pole, binamu," Verna akasema. "Mabati yako yamepona."

Hapo mbuzi mmoja wa Bibi, dume jeusi lenye pembe moja, alitoka nyuma ya kuni, akaidaka kofia, akaondoka nayo.

"We! We!" Wilford akapiga kelele na kumfuata. Walizunguka nyumba mara moja. Walipozunguka mara ya pili, ukingo wa kofia ulikuwa umeshaliwa. Mara ya tatu mbuzi alikuwa nyuma na Wilford mbele. Na kutoka magotini kwa Bibi ikatoka ile sauti, maji katika chupa nyembamba, mdomo wazi, ufizi wote nje.

Hakuna aliyesema ni kikohozi.

Walipomaliza kucheka wote, na ilichukua muda, Bibi Glenibah aliiokota kengele akaizungusha vidoleni.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," alisema. "Kila jioni. Kondoo wamenizoea."

"Nisamehe, Mama."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ungefurahi, najua. Lakini yeye je? Mimi nimekaa miaka yote hii bila chumvi. Sitaki awe kama mimi."

"Bila chumvi? Nani kakwambia?"

"Kaka. Yule mchuuzi wa mablanketi aliyenichekesha akaenda zake."

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kaka yako alianza uongo kabla ya kuota meno. Aliyekuchekesha ni baba yako. Alichinja mbuzi watatu. Chumvi tulikutia mkononi kama mtoto yeyote. Ukafumba ngumi. Hukumpa mtu! Ilibidi tukufungue kidole kimoja kimoja, na ulilia hadi jioni."

Verna alijilaza chini kabisa, kwenye vumbi. "Sasa, binamu," alisema alipopata pumzi, "leo utamsingizia nani?"

Wilford alifungua koti, akatoa pini ya kwanza, akatoa ya pili.

"Kondoo wangu hao wako tayari," Bibi akasema. "Nakuuzia."

"Unaniuzia? Mama!"

"Nikikupa bure, inakuwa shughuli ya nani? Bei ya sokoni."

"Punguza hata kidogo."

"Kuponi unayo?"

Jumamosi watu walikuja sitini na watatu, pamoja na baba yake Leander aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile. Mchuzi wa kondoo ulichemka tangu alfajiri, mikate ya kukaanga ikarundikwa hadi ikaanguka. Kwa chumvi Wilford alitaka kwenda dukani. Bibi alilifungua lile kopo la Amboy, akaionja, akasema hii ni ya ardhi yenyewe, inafaa.

Wilford alikaa na Leander magotini, kikapu pembeni. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Bibi Glenibah. Wilford alimimina chembe kwenye kiganja cha mtoto. Kiganja kikafumba.

Watu wote wakanyoosha shingo. Wilford aliinama sikioni mwa mtoto.

"Fungua, bwana," alinong'ona. "Usinifanyie hivyo. Fungua."

Leander alimtazama yule mzee asiye na kofia. Akacheka, akarusha mkono wote juu, na chumvi ikaruka ikamwangukia Bibi kifuani, ikawaangukia waliokuwa nyuma yake, ikamwingia Wilford machoni. Bibi aliokota chembe moja kwenye mahameli yake, akaitia mdomoni, akafumba macho.

"Huyu," alisema, "atatufilisi."

Na mstari ukasogea.

Hesabu yote ilikuwa hivi. Kondoo wawili wa Bibi Glenibah, kwa bei ya sokoni. Unga mifuko minne mikubwa. Viazi magunia mawili, vitunguu gunia moja. Kahawa makopo manane na sukari ratili ishirini. Soda kreti sita, ukiacha zile tatu za Tuba City. Machungwa na peremende kwa watu sitini na watatu, na wengine walirudi mara ya pili na hawakukatazwa. Chumvi, kopo moja, bure. Mabati kumi na manane, ambayo hayakununuliwa. Nyumba ilikaa wazi hadi mwezi wa kumi, na Wilford akalala ndani ya gari. Kofia moja.